SOMO LA UFUNDI: MOTERE YENYE NJAA
(Namna ya kutambua mchanganyiko maskini katika motokari ya zamani yenye enjeksio)



Muhula uliopita mlituomba somo juu ya motokari. Leo tunalitoa, lakini tunaanza kwa kuungama kosa, sababu somo hili lilitoka katika kosa letu sisi wa mwaka wa mwisho.

Wote mnaijua motokari ya shule. Iko ya zamani, imepita miaka 30, inatumia esanse, nayo haina karibiratere bali enjeksio. Njo inayopeleka wagonjwa ku hospitali, njo inayoleta unga na maharagi toka soko. Mwezi wa pili ilianza kufa mlimani. Usiku mmoja ilikuwa imebeba mtoto wa mwaka wa kwanza mwenye malaria kali. Ikazima mara tatu kwenye mpando, nasi wakubwa tukashuka kusukuma ndani ya matope. Tulifika, na mtoto alipona. Lakini toka usiku ule maneno yalianza katika mabweni: "Shofere anauza esanse ya shule, kiisha anaongeza maji." Sisi tuliopewa kazi ya kuangalia wengine hatukuyazima maneno hayo. Tuliyapeleka mpaka kwa Bwana Prefe wa shule. Baba Shofere akanyanganywa ufunguo siku 9. Mtu aliyefanya kazi hapa kabla sisi hatujazaliwa alikaa mbele ya ofisi siku 9, bila kazi, watoto wanapita na kumwangalia.

Sasa tusome. Mwishoni mtaona mwizi alikuwa nani.

A. MCHANGANYIKO MASKINI NI NINI?

Motere inakula vitu viwili pamoja, esanse na hewa. Ili vyote viungue bila kubaki, kilo 1 ya esanse inataka karibu kilo 14,7 za hewa. Litre 1 ya esanse ina uzito wa karibu kilo 0,75, basi inataka kilo 11 hivi za hewa. Kando ya bahari hewa hiyo ni karibu litre 9 000. Hapa kwetu milimani, penye mita 1 500, hewa ni nyepesi, na inafaa kupita litre 10 000. Fikirini chumba cha mita 2 kwa mita 2, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Hewa yote ya chumba hicho, na zaidi kidogo, inamezwa na litre moja tu.

Esanse ikizidi, mafundi wanasema mchanganyiko ni tajiri. Moshi unakuwa mweusi na buji zinajaa masizi. Hewa ikizidi, wanasema mchanganyiko ni maskini. Motere yenye mchanganyiko maskini inajulikana kwa alama hizi:

1. Asubuhi inakataa kuwaka, ama inawaka na kuzima.
2. Katika ralanti, ndiyo kusema motere inapozunguka polepole bila kukanyagwa, inatetemeka na sauti yake inapanda na kushuka.
3. Ukikanyaga akseleratere inasita kwanza, kiisha ndipo inaitika. Mara nyingine inakohoa kwa nyuma, katika mpira wa kuingiza hewa.
4. Haina nguvu kwenye mpando.
5. Ukifungua buji, porselene yake ni nyeupe kama chaki. Buji ya motere yenye afya ina rangi ya udongo hafifu.

Msidharau ugonjwa huu. Motere inayofanya kazi nzito na esanse kidogo inapata joto la kupita kipimo. Inaweza kupiga kama nyundo ndani, vali zinaungua, na hata pistoni inaweza kutoboka.

B. ENJEKSIO INAJUAJE KIPIMO CHA ESANSE?

Karibiratere ni kitu cha kuvuta tu. Hewa inapita kwa kasi, inanyonya esanse kupitia tundu dogo. Enjeksio ya umeme inafanya kwa hesabu. Pompa inasukuma esanse kutoka tanki mpaka kwa enjektere, yaani vidomo vidogo vya kunyunyizia, kimoja kwa kila silinda. Komputa inavifungua kwa muda mfupi sana. Katika ralanti ni kama sehemu 2 au 3 za elfu za sekunde. Vikifunguliwa muda zaidi, esanse inazidi.

Komputa inajuaje muda wa kufungua? Katika motokari nyingi za zamani kuna debimetre, chombo cha kupima hewa. Ndani yake mna kilango chenye springi. Hewa ikiingia inasukuma kilango, na komputa inasoma namna kilivyofunguka. Kutoka debimetre hewa inapita katika mpira mnene wenye mikunjo kama kinanda cha kukunja, inafika kwa kipepeo kinachofunguliwa na akseleratere, kiisha inaingia ndani ya motere.

Shikeni neno hili, sababu somo lote linakaa juu yake: komputa inatoa esanse kwa hewa iliyopimwa tu. Hewa inayoingia kwa tundu nyuma ya debimetre haikuhesabiwa. Inaingia bila esanse yake. Sisi tunaiita hewa ya wizi.

Kuna motokari nyingine zisizo na debimetre. Zinapima mvuto wa hewa ndani ya bomba la kuingizia. Katika hizo hewa ya wizi inaonekana ndani ya kipimo, na mara nyingi alama yake ni ralanti kupanda juu, si kutetemeka. Kabla ya kuanza kazi, jueni motokari yenu ni ya namna gani.

Zaidi ya hayo, motokari nyingi zina sonda lambda. Bosch waliitengeneza, na Volvo waliiweka katika motokari za kuuza Marekani mwaka 1976. Inakaa ndani ya bomba la moshi na kunusa oksijeni iliyobaki. Ikiwa ya moto vizuri, inatoa umeme wa karibu volti 0,1 mchanganyiko ukiwa maskini, na karibu 0,9 ukiwa tajiri. Komputa inaisoma na kusahihisha kidogo kidogo. Lakini uwezo wake wa kusahihisha una mwisho.

C. MILANGO MIWILI YA UMASKINI

Umaskini unaingia kwa milango miwili, hewa nyingi mno ama esanse kidogo mno. Kabla ya kununua kitu chochote, ulizeni: ugonjwa unatokea saa gani?

Kama hewa ndiyo inaibiwa, ubaya unaonekana zaidi katika ralanti. Wakati ule kipepeo kimefungwa, motere inavuta kwa nguvu na inahitaji hewa kidogo tu. Hewa ya tundu dogo inakuwa sehemu kubwa ya yote. Ukikimbia mbio, hewa ya halali inakuwa nyingi sana na ile ya wizi haionekani tena.

Kama esanse ndiyo inapungua, kwa pompa iliyochoka ama filtre iliyoziba, mambo yanageuka. Ralanti inaweza kuwa nzuri, sababu motere inakula kidogo. Ubaya unakuja mlimani, motere ikibeba mzigo na kukimbia muda mrefu. Hapo inataka esanse nyingi, na haipati.

Na kama inasumbua asubuhi tu, kiisha inapona ikipata joto, angalieni kipima-joto cha maji kinachopasha komputa habari. Kikidanganya kwamba motere ni ya moto wakati ni baridi, komputa inanyima esanse ya asubuhi.

D. MAJARIBIO KWA ORODHA

Fanyeni kwa utaratibu huu. Ya kwanza hayana bei.

1. Chupa na karatasi. Toeni esanse kidogo ndani ya chupa nyeupe ya kioo, mwiache ilale. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini na mtaona mstari. Kiisha tieni tone moja juu ya karatasi safi. Esanse nzuri inakauka upesi. Ikiwa imechanganywa na petroli ya taa, doa la mafuta linabaki muda mrefu.

2. Taa ya motere. Motokari nyingi za zamani zinaweza kusema kosa lao kwa taa. Kwa mfano, Toyota nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 zina kisanduku chini ya kapo. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya mfupi, unafungua kontakti bila kuwasha motere, unahesabu taa. Ikimetameta mara 2, ikipumzika, kiisha mara 5, ni namba 25, maana yake mchanganyiko maskini. Namba 26 ni tajiri. Namba 21 ni sonda yenyewe. Ikimetameta mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Jihadhari! Namba 25 inasema motere ina njaa, haisemi nani alikula chakula chake.

3. Kuongeza esanse kwa kidole. Juu ya bomba la enjektere kuna regilatere ya presio, yenye mpira mwembamba unaotoka kwenye mvuto wa motere. Katika ralanti, ondoa mpira huo na kuziba mdomo wake kwa kidole. Presio ya esanse inapanda na mchanganyiko unatajirika kidogo. Kama motere ilikuwa inatetemeka na sasa inatulia, basi ilikuwa maskini kweli. Ikiwa mpira huo una esanse ndani, regilatere imepasuka, inafaa kubadilishwa.

4. Kifuniko cha oili. Kwa motokari yenye debimetre, fungua kifuniko cha oili katika ralanti. Kama motere inashtuka na kutaka kuzima, ni dalili nzuri, njia za hewa zimefungika. Kama haibadiliki hata kidogo, pengine hewa ya wizi ilikwisha kuwa nyingi.

5. Kutafuta tundu. Sikilizeni mluzi. Mwagieni maji ya sabuni kidogo kidogo pembeni ya viungo vyote vya bomba la kuingizia hewa. Mahali sauti ya motere inapobadilika, tundu liko hapo. Mipira midogo, wa breki na ule wa mvuke wa oili, ibaneni mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Mafundi wengine wanapuliza dawa ya kuosha karibiratere. Sisi tunakataa, sababu inashika moto upesi juu ya motere ya moto.

6. Mpira mkubwa wenye mikunjo. Uondoeni kabisa. Msiutazame juu tu. Ukunjeni na kuuvuta mbele ya mwanga, kila mkunjo, hasa upande wa chini.

7. Presio ya esanse. Hapa inatakiwa manometa na mtu mzima anayejua. Kwa motokari nyingi za namna hii ni karibu kilo 2,5 katika ralanti, na karibu 3 mpira wa regilatere ukiondolewa. Fuateni kitabu cha motokari yenyewe. Presio ikiwa chini, anzeni na filtre, sababu ni bei ndogo, kiisha pompa.

8. Enjektere. Wekeni ncha ya turnevisi ndefu juu ya kila moja, na mpini kwa sikio. Kila moja inapaswa kugonga tik-tik sawasawa. Iliyonyamaza ina shida ya umeme ama imeganda. Inayogonga bado inaweza kuwa na uchafu mdomoni.

9. Sonda mwisho. Wengi wanaanza nayo, nao wanakosea. Bomba la moshi likitoboka mbele ya sonda, hewa inaingia na sonda inasema "maskini" wakati si kweli. Buji isiyowaka pia inapeleka oksijeni mpaka kwake. Sonda ni shahidi. Ulizeni kwanza kama alikuwa mahali pa kuona vizuri.

ONYO. Esanse inaua. Msifanye kazi hii na mshumaa, wala taa ya moto, wala ndani ya nyumba iliyofungwa. Ondoeni waya wa batiri kabla ya kufungua bomba la esanse. Wekeni ndoo ya mchanga karibu.

E. YALIYOTUPATA

Sasa turudi kwa motokari yetu. Fundi wa mjini aliisikiliza kidogo uani, akasema: "Pompa imekufa. Dola 110." Bwana Prefe akatuita tukusanye mchango. Wengi mlikwisha kutoa, na wengine mlikopa kwa wazazi wasio na kitu.

Mwalimu wetu wa fizika njo aliyetuzuia. Akatuuliza: "Mmefanya jaribio gani?" Tukanyamaza. Akatupa chupa moja ya kioo.

Jioni ile tulitoa esanse kutoka tanki. Asubuhi hapakuwa na mstari wa maji. Tone juu ya karatasi lilikauka, doa halikubaki. Tulisimama tukiitazama chupa, na hakuna aliyetaka kusema wa kwanza. Jaribio la bei ya bure lingeweza kufanywa siku ile ile tulipomshitaki mtu. Tulilifanya siku ya 8.

Kiisha tukafuata orodha. Ralanti ilitetemeka, buji 4 zote zilikuwa nyeupe. Zingalikuwa nyeupe moja tu, tungetafuta kwa silinda ile, lakini zote nne zilituambia ubaya uko mahali pa wote. Tukaziba mpira wa regilatere, motere ikatulia. Mwalimu akaazima manometa, ikaonyesha presio nzuri, hata motere ilipokanyagwa. Basi pompa haikuwa na kosa.

Ikabaki hewa. Lakini maji ya sabuni hayakuonyesha kitu, na jambo moja lilitusumbua. Kama ni hewa, mbona inakufa mlimani? Kitabu kinasema hewa ya wizi inasumbua ralanti zaidi.

Hapo tulienda kwa Baba Shofere, pale mbele ya ofisi. Tulimwuliza motokari inakufa saa gani hasa. Akatuangalia kidogo, kiisha akajibu:

"Batoto, haikufe ikiwa inapanda. Inakufa wakati ninarudisha ya kwanza, nikiachia ambriyaje. Inapiga mluzi, kiisha inazima. Nilisema hivi toka mwezi wa pili. Mulicheka, mukasema muzee anasikia nyoka ndani ya motere."

Ni kweli. Tulicheka.

Mwalimu alielewa mara moja. Ukiachia ambriyaje ukiwa na mzigo, motere inainama juu ya mipira yake ya kukalia. Ikiinama, mpira mkubwa wa hewa unavutwa. Tuliuondoa, tukaukunja mbele ya dirisha. Upande wa chini, ndani ya mkunjo wa pili, palikuwa na ufa mrefu kama kidole. Motere ikisimama uani, ufa ulijifunga karibu wote, ukaacha ralanti kutetemeka kidogo tu. Motere ikiinama, ulifunguka kama mdomo, hewa ikaingia bila kuhesabiwa, motere ikafa. Mwizi alikuwa hewa.

Tulizungusha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, tukakaza kwa kolie mbili. Ilikuwa dawa ya siku chache tu, na wiki iliyofuata shule ilipata mpira wa motokari nyingine iliyokufa kwa dola 12. Mchango wenu umerudishwa, kila mmoja anaweza kuuliza kwa kapita wa darasa lake.

Siku ya 9, mbele ya shule yote kwenye bendera, tuliomba msamaha. Si jambo jepesi kusema "tulikosa" mbele ya wadogo unaowaamuru kila siku. Baba Shofere alishika ufunguo, akasema: "Imekwisha. Lakini wakati mwingine muulize kwanza." Akaenda kuosha motokari.

Tunawaandikia haya ili mjue kwamba kutafuta ugonjwa wa motere na kutafuta mwenye kosa kati ya watu vina utaratibu mmoja. Sikilizeni yule anayekaa na kitu kile kila siku. Fanyeni jaribio dogo kabla ya neno kubwa. Na msibadilishe kitu, wala msimwondoe mtu, kwa sababu tu yuko karibu na kosa.

F. MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Litre 4 za esanse zinataka kilo ngapi za hewa? (Litre 1 = kilo 0,75.)
2. Motokari ina ralanti nzuri, lakini inapoteza nguvu baada ya kilometre 2 za mpando. Mtaanza kutazama wapi?
3. Taa inasema 25, lakini buji ni za rangi nzuri na bomba la moshi linatoa sauti ya kupasuka karibu na motere. Mtafikiri nini?
4. Kwa nini maji ya sabuni hayakuonyesha ufa wa motokari yetu?

Majibu: 1. Karibu kilo 44. 2. Njia ya esanse, filtre kwanza. 3. Bomba limetoboka mbele ya sonda, na sonda inadanganyika. 4. Uani motere haiinami, na ufa ulikuwa umejifunga upande wa chini.

Mwenye swali jingine atuone Jumamosi mchana karibu na garaji. Baba Shofere amekubali kusimama nasi na kufundisha.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa mkono wa kapita wa shule.